Kicheko na Kijana Asiyelandana na Wenzake: Nafasi ya Ucheshi katika Riwaya ya Vijana

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili mhusika ambaye fasihi ya vijana ya mataifa mengi inamfahamu vizuri: kijana wa makamo ya kubalehe asiyelandana na wenzake, ambaye kila alifanyalo huenda upande, na ambaye masaibu yake humchekesha msomaji. Mhusika huyu si mhalifu wala si shujaa. Kosa lake ni kwamba mwili, sauti, mavazi na maneno yake havijapatana. Madai ya msingi ya makala ni kwamba kijana huyu hakukosekana katika vitabu vya Kiswahili vilivyosomwa sana shuleni. Kilichokosekana ni kicheko chake mwenyewe. Wanaocheka humo ni watu wazima, na mara nyingi kijana hulipa kosa lake kwa adhabu kubwa mno. Tutaonyesha kwamba tofauti hii inatokana na nafasi ya msimulizi, na kwamba jamii za pwani zinayo tayari desturi ya kicheko, yaani utani, ambayo mtunzi wa riwaya ya vijana anaweza kuitumia.

Ili mjadala usielee hewani, tutamweka msomaji wetu mahali panapojulikana. Mahali hapo ni Lugoba, kando ya barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, katika ile bara ya Bagamoyo ambayo siku hizi ina halmashauri yake ya Chalinze. Hii ni nchi ya Wakwere, watu wanaohesabu ukoo kwa upande wa mama. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza wa hapo huweza kuwa amesikia Kikwere kwa bibi yake na kusoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Kisha, kwa muda wa likizo moja tu, anatakiwa asome karibu masomo yote kwa Kiingereza. Huyu ni kijana asiyelandana hata kabla hajafungua kitabu. Swali letu ni hili: akifungua kitabu cha Kiswahili, anajikuta wapi?

2.0 Kicheko kama Adhabu na Kicheko kama Ushirika

Nadharia za kicheko ni nyingi, lakini mbili zinatosha kwa kusudi letu. Henri Bergson, mwanafalsafa wa Ufaransa, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1900 kwamba tunamcheka mtu anapoonyesha ukakamavu kama wa mashine mahali ambapo uhai ungedai wepesi. Kwa maoni yake, kicheko ni chombo cha jamii cha kumrekebisha aliyekosa wepesi huo. Nadharia hii inamfaa sana kijana anayebalehe. Miguu yake imerefuka kabla hajajua kuitumia, na sauti yake huvunjika bila taarifa. Hata hivyo, kwa Bergson anayecheka husimama nje. Kicheko chake ni aina ya kiboko.

Mikhail Bakhtin, katika kazi yake juu ya Rabelais iliyochapishwa mwaka 1965, alieleza kicheko cha namna nyingine, kicheko cha sherehe za umma, ambacho humjumuisha hata yule anayecheka. Hapa hapana aliye nje. Mtu hucheka, naye huchekwa, na kwa kuchekwa anathibitishwa kuwa mmoja wa kundi.

Mwanafunzi wa fasihi ya Afrika ya Mashariki hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano wa kicheko hiki cha pili. A. R. Radcliffe-Brown, alipoandika juu ya uhusiano wa utani mwaka 1940, alibainisha kwamba ni uhusiano ambamo mtu anaruhusiwa, na pengine analazimika, kumdhihaki mwenzake, na mwenzake analazimika kutokasirika. Maelezo hayo yanaeleweka mara moja na mtu yeyote aliyekulia pwani. Bagamoyo ya karne ya 19, mwisho wa njia ya misafara, iliwakutanisha wapagazi wa Kinyamwezi na wenyeji wa mrima, na utani baina ya watu wa bara na watu wa pwani unaendelea hadi leo. Upo pia utani wa nyumbani: wa babu na mjukuu, wa binamu kwa binamu. Mtani hufika hata msibani akamwiga marehemu, na wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Jambo la kuzingatia ni kwamba mtani hamfukuzi anayemdhihaki. Anamwambia, kwa njia ya kinyume, kwamba wewe ni wetu.

Basi tunazo aina mbili za kicheko: kicheko cha kiboko na kicheko cha utani. Riwaya ya kuchekesha juu ya kijana asiyelandana hufaulu pale inapotumia kicheko cha pili, au pale inapomfikisha msomaji kutoka cha kwanza hadi cha pili.

3.0 Mifano Miwili kutoka Nje ya Kiswahili

Mfano unaojulikana zaidi katika lugha ya Kiingereza ni The Secret Diary of Adrian Mole, Aged 13¾, kitabu cha Sue Townsend kilichotoka mwaka 1982. Ni shajara ya kijana wa mji wa Leicester, Uingereza, anayejiona msomi, anayetunga mashairi na kuyapeleka BBC, na anayempenda msichana aitwaye Pandora. Siri ya ucheshi wa kitabu hiki imo katika kinaya cha usimulizi. Adrian anaandika yote ayaonayo, lakini haoni yote ayaandikayo. Msomaji hung'amua kwamba ndoa ya wazazi wake inabomoka muda mrefu kabla yeye hajang'amua. Tunamcheka kwa kutokujua kwake, na kicheko hicho hicho kinatufanya tumhurumie. Hakuna msimulizi mtu mzima anayejitokeza kutueleza tufikiri nini.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Barbara Kimenye, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1929 na kufanya kazi ya uandishi Uganda na Kenya hadi akahesabiwa miongoni mwa waandishi wa Afrika ya Mashariki, alianza kutoa vitabu vya Moses mwishoni mwa miaka ya 1960 kupitia Oxford University Press. Alifariki mwaka 2012, na vizazi kadhaa vya wanafunzi vilikuwa vimekwisha kusoma visa hivyo. Moses anasoma katika shule ya bweni ya Bwana Mukibi, shule yenye jina refu la kujitukuza kuwa ni taasisi ya wana wa mabwana wa Kiafrika, ilhali kwa kweli ni kimbilio la vijana ambao shule nyingine zimewachoka. Tashtiti inaanzia kwenye jina hilo. Kimenye alifanya jambo la busara: badala ya kumweka kijana mmoja asiyelandana katikati ya wanaolandana, aliwakusanya wote wasiolandana chini ya paa moja. Kwa hiyo kicheko humo hakina wa kumfukuza. Shule nzima ni watani.

Lakini vitabu hivi viwili vimeandikwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wetu wa Lugoba anaweza kukariri kanuni ya fizikia kwa Kiingereza na kufaulu mtihani, lakini kucheka katika lugha ni jambo jingine. Kichekesho hakingoji kamusi, kikishaelezwa kimekufa. Kwa sababu hiyo mzaha wa Adrian Mole, na hata wa Moses aliye jirani yetu, humfikia kijana huyu umepoa. Lugha anayoweza kucheka nayo papo hapo ni Kiswahili, na Kiswahili ndicho kinachopaswa kumpa kitabu hicho.

4.0 Kijana Asiyelandana katika Vitabu vya Shule

Kwa miaka mingi tangu katikati ya muongo wa 2000, orodha ya vitabu vya fasihi ya Kiswahili kwa kidato cha tatu na cha nne nchini Tanzania ilikuwa na riwaya za Takadini ya Ben Hanson, Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, na Joka la Mdimu ya A. J. Safari, na tamthiliya za Kilio Chetu, Orodha ya Steve Reynolds, na Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba. Mtaala umeanza kubadilishwa, lakini hivi ndivyo vitabu vilivyolea ladha ya wasomaji walio vijana na walimu walio vijana hivi sasa. Tuvitazame baadhi yake kwa jicho la swali letu.

Takadini ni kijana asiyelandana kwa maana nzito kabisa: amezaliwa na ualbino katika jamii ambayo mila yake ingemwangamiza, na mama yake, Sekai, anatoroka naye ili amwokoe. Watoto wa Mama N'tilie ni wale ambao umaskini umewatoa shuleni na kuwatupa mitaani na jalalani. Katika Kilio Chetu, vijana wasioelimishwa kuhusu miili yao wanalipa kwa mimba na UKIMWI. Katika Orodha, msichana Furaha ameangamia kwa ugonjwa huo huo, na sauti yake tunaisikia kwa barua.

Hatusemi kwamba kazi hizi ni dhaifu. Ziliandikwa wakati jamii ilipokuwa ikizika vijana wake, na uzito wake una haki. Tunachosema ni kwamba zikiwekwa pamoja, zinamfundisha msomaji wa miaka kumi na sita jambo ambalo hapana mwandishi mmoja aliyekusudia kulifundisha: kwamba kijana huingia kitabuni kwa mlango wa kosa na kutoka kwa mlango wa kaburi. Kosa dogo halimo. Aibu ya siku moja, ile inayosahauliwa baada ya wiki mbili, haimo.

Je, kicheko nacho hakimo? Kimo, lakini tazama ni cha nani. Katika Orodha vichekesho viko kwa wanaume watu wazima wanaohaha kuizuia barua ya marehemu wakihofu kwamba majina yao yametajwa. Katika Ngoswe, tamthiliya iliyochapishwa mwaka 1988, anayechekesha ni karani wa sensa kutoka mjini, anayempenda Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, hadi makaratasi ya serikali yakaishia motoni. Semzaba alikuwa bingwa wa ucheshi, na mtu wa mjini asiyeoana na kijiji ni ndugu wa karibu wa mhusika wetu. Lakini Ngoswe ni mtumishi wa serikali, si mtoto wa shule, na anguko lake linafungwa na onyo lililotangulizwa katika jina la kitabu. Kijana anaruhusiwa kumcheka mtu mzima. Hajaruhusiwa bado kujicheka na kubaki salama.

Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996 na kusomwa sana katika shule za Kenya, inakaribia zaidi. Kongowea, mzaliwa wa Tanga na mtoto wa mwimbaji wa taarab, anasimulia mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, safari yake ya kumtafuta baba asiyemjua. Nafsi ya kwanza imempa kijana heshima ya kuwa mwenye hadithi. Lakini hata yeye anasimulia akiwa ameshavuka. Sauti ni ya mtu aliyekwisha kuelewa maana ya mateso yake. Kinaya cha kutokujua, ambacho ndicho roho ya ucheshi wa shajara, hakikuwa lengo la Walibora.

Nje ya vitabu vya shule, kijana mwenye vituko amekuwako wakati wote. Jarida la katuni la Sani lilimpa hadhira ya Tanzania mtoto mtundu Madenge, na kabla yake watoto wa pwani walikuwa na hekaya za Abunuwasi. Abunuwasi, hata hivyo, ni mjanja. Humshinda mwenye nguvu. Kijana asiyelandana hamshindi mtu. Ushindi wake ni kwamba kesho yake anarudi tena shuleni.

5.0 Nafasi ya Msimulizi: Jaribio

Ili kuonyesha kwamba tofauti tunayoizungumzia ni ya kifani na si ya kimaudhui pekee, tuchukue tukio moja la kubuni na kulisimulia mara mbili. Kijana wa kidato cha kwanza, katika shule iliyo kando ya barabara kuu, amenunuliwa suruali ndefu kupita kimo chake, na asubuhi moja mstarini sauti yake inavunjika wakati wa wimbo. Usimulizi wa kwanza ni huu:

"Hamisi alikuwa kijana asiyejiamini. Suruali yake ilikuwa ndefu mno, na wenzake walimcheka. Laiti angalijua kwamba thamani ya mtu haiko katika mavazi, asingaliona haya."

Usimulizi wa pili ni huu:

"Mjomba aliipima suruali yangu kwa hesabu ya kidato cha nne. Alisema miguu itaifuata. Hii ni wiki ya tatu na miguu haijaonyesha haraka yoyote. Leo mstarini, tulipofika ubeti wa pili, sauti yangu iliondoka bila kuaga. Iliporudi ilikuwa ya mtu mwingine, mtu mzima mwenye mafua. Mwalimu wa zamu akauliza ni nani huyo. Nami nilitaka kujua."

Tukio ni lile lile. Katika usimulizi wa kwanza, msimulizi maizi amesimama juu ya kijana na kumhukumu kwa wema. Msomaji anapewa funzo kabla hajaona kitu. Katika usimulizi wa pili hakuna funzo lililotamkwa, lakini yapo mambo matatu ambayo usimulizi wa kwanza umeyapoteza. Kwanza, heshima: anayechekwa ndiye anayeongoza kicheko. Pili, jamii: mjomba ametokea, naye katika ukoo unaofuata upande wa mama si jamaa wa pembeni, bali mtu mwenye kauli na wajibu, urefu wa suruali ni ubahili wake, na ni matumaini yake pia kwamba mpwa atafika kidato cha nne. Tatu, swali la utambulisho, ambalo ndilo dhamira kuu ya fasihi ya kubalehe, limeulizwa kwa mzaha na mwalimu wa zamu, na kijana amelipokea kwa dhati.

Kutokana na jaribio hili tunaweza kutaja masharti matatu ya riwaya ya kuchekesha ya vijana. Sharti la kwanza ni sauti: kijana asimulie mwenyewe, au msimulizi akae karibu naye kiasi cha kushiriki upofu wake. Sharti la pili ni kipimo cha kosa: adhabu iwe aibu, isiwe maangamizi. Sharti la tatu ni utani: baada ya kicheko mhusika abaki ndani ya kundi, hata kama kundi lenyewe limebadilika kidogo kwa sababu yake.

6.0 Mipaka ya Kicheko

Hoja hizi zina mipaka ambayo ni lazima itajwe. Si kila asiyelandana anafaa kuchekwa. Mwandishi ambaye angemfanyia mzaha Takadini mbele ya wasomaji wa Tanzania, nchi ambayo mauaji ya watu wenye ualbino yaliitia simanzi kuanzia miaka ya 2006 na 2007, angekuwa anashika kiboko kile cha Bergson na kumpiga aliyekwisha kupigwa. Kicheko katika hali kama hiyo ni mali ya mwenye hadithi peke yake. Akipenda kucheka, nasi tutacheka naye. Kanuni ya utani inatulinda hapa: mtani humdhihaki mtani wake, ambaye kesho ana haki ya kulipa. Pasipo haki ya kulipa, huo si utani, ni uonevu.

Mpaka wa pili unahusu wasichana. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ilionyesha jinsi malezi makali ya baba yanavyoweza kumzalia binti uasi na kifo. Tangu hapo msichana wa riwaya amebeba mzigo mzito kuliko mvulana, kwa kuwa kosa lake huhesabiwa kuwa fedheha ya ukoo. Hata hivyo mila za pwani hazikumnyima msichana ucheshi. Mwali wa Kikwere aliyewekwa ndani, na kupewa mwana hiti, yaani kile kinyago kidogo cha mti cha kumtunza kama mtoto, hakufunzwa kwa maonyo matupu. Mafunzo ya unyago pwani yamejaa nyimbo za mafumbo na mizaha, na makungwi wanajua kwamba jambo la aibu huingia vizuri zaidi likiambatana na kicheko. Riwaya ya msichana anayejisimulia kwa ucheshi isingekuwa uasi dhidi ya mila hizo. Ingekuwa ni kuzirithi.

Pingamizi la tatu hutoka darasani. Mtahini huuliza dhamira na funzo, na kitabu cha kuchekesha huonekana hakina majibu. Pingamizi hili lina uzito, maana mchapishaji anaangalia orodha ya shule na mwandishi anamwangalia mchapishaji. Lakini jaribio la sehemu iliyotangulia linaonyesha kwamba ucheshi hauondoi dhamira, ila unamwachia msomaji kazi ya kuitafuta. Mwanafunzi aliyezoea kupewa funzo limekwisha kupikwa atajibu swali la mtihani. Mwanafunzi aliyelitafuta mwenyewe atasoma kitabu kingine.

7.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba kijana asiyelandana yumo katika fasihi ya Kiswahili ya shule, lakini amewekwa humo kama onyo, na kicheko kimekabidhiwa watu wazima. Tumedai kwamba upungufu huu hautokani na utamaduni wa wasomaji, maana utani na unyago ni shule kongwe za ucheshi, bali unatokana na mazoea ya usimulizi ambayo yamempa msimulizi maizi kiti cha hakimu.

Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada wanaweza kuanzia hapa: kukusanya mizaha inayosimuliwa mabwenini na njiani kurudi nyumbani, na kuichambua kwa uzito ule ule tunaoutumia kuchambua ngano za wazee. Waandishi wanaweza kuanzia kwenye suruali. Kwa mwanafunzi wa Lugoba faida haitakuwa ndogo. Kijana aliyesoma kwamba mwenzake alivunjikiwa na sauti mbele ya shule nzima, akacheka, na kesho yake akasimama tena mstarini, amepata kutoka katika lugha yake jambo ambalo orodha ya vifo haiwezi kumpa: ushahidi kwamba aibu huisha.